Muulize Fundi: Sakafu ya Muhugu Haitaki Deki

*Shikamoo Fundi. Tumehamia nyumba ya zamani hapa Kilimani, Nairobi. Sebule ina parketi, vile vibao vidogo vya mbao vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Tangu mvua zianze, karibu na mlango wa veranda pameingia weusi, vibao vitatu vinacheza ukivikanyaga, na sakafu nzima imepauka. Dada anayetusaidia huipiga deki kila asubuhi kwa maji ya sabuni. Mume wangu anasema tubandike vigae juu yake tuachane nayo. Tufanyeje? – Mama Zawadi*

Marahaba, Mama Zawadi. Mwombe Baba Zawadi fundi wa vigae asubiri kwanza.

Sebule nyingi za umri huo nilizozitengeneza Nairobi zilikuwa za muhugu. Kibao kikipigwa msasa, kinuse: muhugu una harufu tamu inayokaribia msandali. Ni mti mgumu, mchwa huushindwa, na hukua polepole sana. Ungali umesimama Karura na katika msitu wa Ngong Road, ila mikubwa imekatwa mno, kwa sakafu na kwa vinyago. Ukiufunika kwa saruji leo, kesho huendi dukani ukapata mwingine. Ndiyo maana huniuma kila nikisikia habari ya vigae.

Kinachoiua sakafu yako ni deki. Maji ya ndoo hupenya kwenye viungo, mbao ikavimba. Jua la Januari likija, hunywea. Ikivimba na kunywea miaka na miaka, gundi huachia. Dada msimlaumu, kazi hiyo ameijulia kwenye simenti na vigae. Mnunulieni ufagio laini wa nywele, aondoe mchanga kila siku, kwa sababu mchanga chini ya kiatu hukwangua kama msasa. Viatu vibaki mlangoni, kama kwao Waswahili wa pwani. Mara moja kwa wiki apanguse kwa tambara la pamba lililokamuliwa mpaka lisidondoshe hata tone. Sakafu iwe imekauka kabla hajafika upande wa pili wa chumba. Siki asitumie, wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, wala ile mashine ya kupiga deki kwa mvuke. Miguu ya viti ibandikeni vipande vya blanketi kuukuu.

Sasa huo weusi. Dondosha tone la maji chini ya kochi na jingine mlangoni, ungoje dakika chache. Likikaa juu kama shanga, vanishi ingali hai. Likinyweka na kuacha alama, mbao iko uchi, na pale mlangoni sitashangaa ukiikuta hivyo. Weusi wa uchafu na ukungu huondoka kwa msasa. Ukibaki baada ya msasa, mara nyingi ni chuma kilichokutana na maji: msumari, au chombo cha maua chenye kitako cha bati. Huo hutolewa kwa asidi ya oksaliki, na hapo mwite fundi avae glavu na miwani, kwa kuwa ni sumu na watoto wasiwe karibu.

Vile vibao vitatu viandike namba kwa chaki kabla ya kuving'oa, kila kimoja kirudi mahali pake. Ukiona kitu cheusi chini yake, ni lami. Zamani ndiyo iliyokuwa gundi. Ikwangue kwa patasi, kwenye kibao na kwenye zege, maana gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya lami. Acha vikauke vizuri, paka gundi, kandamiza kwa mfuko wa mchanga mpaka siku ya pili.

Kabla ya kununua kopo lolote, chovya tambara jeupe kwenye tapentaini, usugue pembeni. Likitoka na rangi ya kahawia inayonata, sakafu ilipakwa nta, na vanishi ukiipaka juu ya nta itabambuka. Nta haihitaji mashine: isafishe kwa tapentaini, paka nta mpya nyembamba, kisha isugue kwa brashi. Bibi zetu walitumia kumbi la nazi, na hadi leo sijaona kinachong'arisha kulishinda.

Ikiwa ni vanishi iliyochakaa, itabidi mashine ya msasa, kuanzia namba 40 au 60 hadi 120. Kwanza pima kwa rula kibao ulichong'oa. Chenye sentimita 2 kitavumilia msasa mara kadhaa katika maisha yake. Cha milimita 8 kinataka mkono mwepesi, na fundi asiyekuuliza unene kabla ya kuwasha mashine mrudishe kwao. Ule unga wa msasa muwekee akiba, uchanganywe na gundi kuziba nyufa, rangi itaoana. Vanishi isipakwe mvua zikiendelea. Ngoja siku kavu.

*Fundi, nimepaka mafuta ya kitani ngazi ya mninga nyumbani kwangu Tanga, imependeza. Matambara niliyotumia nimeyaweka kwenye mfuko wa nailoni stoo, nitayatumia tena. Yatakaa muda gani bila kuharibika? – Msomaji, Tanga*

Ndugu yangu, acha kusoma, nenda ukayatoe sasa hivi. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyokunjwa pamoja hulihifadhi joto hilo mpaka yashike moto yenyewe, bila kiberiti. Karakana yangu ya kwanza niliipoteza nusu kwa njia hiyo: kiroba cha matambara nyuma ya mlango, tukafunga saa kumi na moja, saa tatu usiku jirani akaja kunigongea. Yatandaze moja moja nje, mbali na ukuta, yakauke hadi yawe magumu, ndipo uyatupe. Kama huna uwanja, yazamishe kwenye kopo la bati lenye maji, ulifunike.