Kabla ya Kununua SUV, Iendeshe Kwenye Barabara Yako

Miaka minne iliyopita nilinunua gari kwa dakika kumi na tano. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, dashibodi imepakwa mafuta, na muuzaji aliniruhusu kulizungusha mara mbili ndani ya uzio wa yadi, mahali ambapo hata gia ya tatu huifikii. Wiki ya tatu, tukiwa watu watano na mizigo yetu, tulikuwa tunapanda kutoka Soni kwenda Lushoto nilipoona mshale wa mzunguko wa injini ukipanda huku gari likizidi kupoteza mwendo. Fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kilitoka cheusi na kikinuka kitu kilichoungua. Fedha nilizotumia kulitengeneza zingetosha kumalizia uzio wa nyumba.

Mwaka huu, nilipohitaji gari jingine la juu, niligawa kazi mara mbili. Kwanza ni kujua ni aina ipi inayonifaa; pili ni kukagua lile gari moja ninalotaka kulinunua. Wengi wetu tunachanganya mambo haya, tukifika kwa muuzaji tunaanza kujiuliza kama tunapenda aina hiyo, na fundi tunamkumbuka baada ya kulipa.

Kwa kazi ya kwanza sikwenda yadi kabisa, kwa sababu gari ambalo halijasajiliwa huwezi kulitoa barabarani. Niliwaendea watu ninaofahamiana nao, nikaomba niendeshe magari yao kwa saa moja, mafuta juu yangu na wenyewe wakiwa wamekaa pembeni. Nilipata Toyota RAV4, Subaru Forester na Suzuki Escudo, yote ya kati ya mwaka 2009 na 2011. Niliyapitisha njia ileile: nilianzia mtaani kwetu Goba, ambako mvua za masika zimechimba mitaro katikati ya njia, nikashuka Makongo hadi Barabara ya Sam Nujoma, nikafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Tegeta, kisha nikarudi kwa kupitia Wazo. Kuna vumbi, mlima, foleni na kipande cha kukimbia kidogo. Ukijaribu gari moja Jumatatu katika foleni na jingine Jumapili asubuhi, unachokuwa umelinganisha ni siku, wala si magari.

Tofauti zilijitokeza mapema kuliko nilivyodhani. Escudo ina fremu iliyounganishwa na bodi pamoja na gia nzito za kutambalia, vitu ambavyo hizo nyingine mbili hazina, na kwenye mitaro ya mtaani ilipita kana kwamba haikuiona. Kama ningekuwa na shamba ndani huko Handeni, habari ingeishia hapo. Lakini kwenye lami niliona inaruka zaidi, na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, alishika nguzo ya mlango, akapandisha mguu, akaushusha, akapandisha tena. "Mwanangu," akaniambia, "hili ni la vijana." RAV4 ilikuwa nyepesi mkononi, na mfumo wake hupeleka nguvu magurudumu ya nyuma pale unapohitajika, jambo linalotosha kwa mtu wa mjini. Forester ya miaka hiyo huendesha magurudumu yote manne muda wote, na kwenye kona zenye mchanga wa Wazo nilihisi imekamata ardhi.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Mlango wa nyuma wa RAV4 ya kizazi hicho, na wa Escudo pia, hufunguka kwa ubavu kama mlango wa nyumba, ilhali wa Forester huinuka juu. Ukiegesha Kariakoo na gari jingine limekubana kwa nyuma, mlango wa ubavu haufunguki, na mfuko wa mchele utalazimika kupitia kiti cha abiria. Kwa hiyo siku ya majaribio nenda na vitu vyako halisi: kiti cha mtoto, begi kubwa, na yule mtu mrefu kuliko wote nyumbani, umkalishe nyuma. Suala la mafuta nisingeweza kulipima kwa mzunguko mmoja, hivyo niliwauliza wenye magari wanajaza kiasi gani kwa wiki na wanakwenda wapi.

Nilichagua Forester, kisha nikaanza kazi ya pili, ambayo ndiyo ngumu. Muuzaji wa kwanza nilimwomba asiwashe injini kabla sijafika. Nilipofika nikaweka kiganja juu ya boneti, nikakuta ina joto. Huenda alikuwa ametoka dukani tu; lakini injini iliyokwisha pata moto huficha moshi na kelele za asubuhi, na mimi sikuwa na sababu ya kubahatisha, nikaaga. Kwa wa pili nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na injini ilikuwa baridi. Nilipoondoka nikazima redio na kiyoyozi, nikakata usukani hadi mwisho na kuzunguka polepole kwenye uwanja wa saruji. Mlio wa ta-ta-ta hapo huashiria jointi za shafti za mbele zimechoka, na gari likigoma kama limefungwa breki, shida huwa katika mfumo wa kugawa nguvu, au tairi hazilingani. Gari la magurudumu manne muda wote linataka tairi zote nne za saizi moja na ulaji unaokaribiana. Hili lilikuwa na mbili mpya na mbili zenye namba 1115, maana yake zilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2015. Nilitumia jambo hilo kushusha bei.

Baada ya hapo nikaomba tulipeleke kwa fundi wangu, si wa kwake. Muuzaji huyu alikubali bila maneno mengi. Fundi alilitazama kwa chini, akauliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa injini ya Forester hiyo, iitwayo EJ20, hutumia mkanda na si cheni, na kwa vile mwenye gari hakuwa na risiti, gharama ya mkanda mpya nayo tukaitoa kwenye bei. Nilipolinganisha namba ya chasisi na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, ndipo tukaenda benki.