Kwa wanaoanza kufinyanga mabirika yenye ujumbe

Wengi wanaojiunga nami katika karakana hapa Kisumu hufika wakiwa na ujumbe tayari, uwe wa ufisadi, wa bei ya majani chai au wa magugu yanayolifunika ziwa, na huudhika ninapowapa wiki tatu za kufinyanga birika lisilo na neno wala picha. Sababu ninayo. Mwaka 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto kule Kericho na watu waliohofia kukosa vibarua, nilifinyanga birika nikalizungushia maandishi ya hasira. Mgeni wa kwanza kulitumia aliliinamisha, chai ikateremka chini ya mdomo na kulowesha kitambaa cha meza. Hakuna aliyesoma, wote walikuwa wakitafuta kitu cha kupangusia.

Kwa hiyo anzeni na mdomo. Ncha yake isiwe chini ya ukingo wa birika, la sivyo chai itamwagika kabla birika halijajaa, tena iwe kali ili tone likatike. Kifuniko kitobolewe tundu dogo la kupitisha hewa, kisha kikauke na kuchomwa kikiwa mahali pake, kwa kuwa udongo husinyaa, na vipande vilivyosinyaa mbalimbali havikubaliani tena. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Nami naongeza kwamba mdomo, mkono na tumbo viwe na unyevu mmoja siku ya kuunganishwa. Chanja pande zote mbili, paka uji wa udongo, kandamiza, halafu funika kwa plastiki ili vikauke polepole. Nyufa nyingi tunazousingizia moto zilianzia hapo.

Birika likishamimina vizuri, ndipo umbo lake lipewe kazi ya kusema. Mmarekani Richard Notkin, aliyevutwa na mabirika madogo ya Yixing nchini China, aliwahi kulipa birika umbo la minara ya kupozea ya kinu cha nyuklia: mtu huiona minara, huuona mdomo, na swali la kitakachomiminwa humjia mwenyewe. Maandishi hayakatazwi. Karibu mwaka 1766, wafinyanzi wa Uingereza waliwauzia walowezi wa Marekani mabirika ya kupinga Sheria ya Stempu, sheria ya kodi ya karatasi iliyotungwa na bunge la Uingereza hiyohiyo (biashara haina kwao), lakini ujumbe wenyewe ulikuwa maneno machache tu.

Birika langu la pili lilikuwa na umbo la kikapu cha mchuma chai. Mdomo wake ni mnene kwa nje, ila tundu la ndani halizidi unene wa njiti ya kiberiti. Halidondoshi hata tone mezani, lakini kikombe kimoja huchukua muda mrefu kujaa. Mkulima mmoja kutoka Nandi, miongoni mwa wale wanaongoja malipo ya mwisho wa mwaka ya majani chai yao, aliliinamisha, akasubiri, akachungulia kikombe, kisha akaniuliza kama birika hilo linaitwa Bonasi.