Maswali ya Wasomaji: Muuaji Anayejitaja Mapema

Swali: Mheshimiwa Mhariri, katika filamu ya Double Indemnity ya mwaka 1944, Walter Neff anakiri mauaji mwanzoni kabisa. Je, hilo haliiharibu hadithi?

Jibu: Haliiharibu hata kidogo, ndugu msomaji. Mwongozaji Billy Wilder anatuondolea kazi ya kumsaka muuaji ili tutazame jinsi wakala huyo wa bima anavyonaswa na Phyllis Dietrichson, mke anayetaka kifo cha mumewe kionekane kuwa ajali ya treni, kwa kuwa hapo fidia hulipwa maradufu. Barbara Stanwyck anamwigiza kwa ubaridi wa kutisha: mume anaponyongwa garini, kamera inabaki usoni mwa mkewe, nasi tunaona ameridhika. Kwa maoni yangu, damu isingeidhihirisha tamaa yake kuliko uso huo.