Kiungulia kilinifundisha kula mapema

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikiamka usiku wa manane, kifua kinawaka moto na koo limejaa uchachu. Niliogopa ni moyo. Daktari alinipima moyo, akaukuta mzima, kisha akaniuliza: unakula saa ngapi, unalala saa ngapi? Nilikuwa nakula saa nne usiku, na saa nne na nusu niko kitandani.

Ukimeza tonge, misuli ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hujikaza na kulegea kwa zamu, ikilisukuma hadi tumboni ndani ya sekunde chache. Mlangoni mwa tumbo kuna msuli wa duara unaofunguka kukipisha chakula, kisha unajifunga. Ndani kuna tindikali kali inayoua vijidudu vingi na kusaidia kuvunja protini. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu limepakwa ute mzito. Umio hauna kinga hiyo, kwa hiyo tindikali ikipenya kidogo tu, unaisikia.

Mlo wa kawaida hukaa tumboni kwa saa kadhaa, na wenye mafuta mengi hukawia zaidi, ndipo uingie kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba, ambako nyongo na maji ya kongosho huumalizia. Mimi nilikuwa nalala tumbo likiwa bado katikati ya kazi.

Sasa nakula zikiwa zimebaki saa tatu nzima kabla ya kulala, na nakula kidogo. Natafuna hadi tonge lilainike kabisa, maana mate huanza kuvunja wanga mdomoni, na huko chini hakuna meno. Nimeinua kitanda upande wa kichwa kwa vipande vya mbao. Mito mingi ilinikunja kiunoni na kulibana tumbo. Nalala ubavu wa kushoto, kwa sababu hapo mlango wa umio unabaki juu ya tindikali. Hilo la ubavu nililidharau mwanzoni, lakini ndilo lililonirudishia usingizi.

Dawa za kupunguza tindikali nilizitumia pia, kwa maelekezo ya daktari. Ukiona chakula kinakwama kooni, unakonda bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, nenda hospitali mapema. Na maumivu ya kifua yanayoambatana na jasho, pumzi kubana au kusambaa mkononi na tayani, usiyaite kiungulia. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo.