Meli ya chuma inaunguaje katikati ya maji?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba meli za mizigo za mvuke za zama za Malkia Victoria ziliweza kuteketea kwa moto baharini. Meli ni ya chuma na maji yako pande zote. Inakuwaje iungue hadi kupotea? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Ndugu msomaji, kinachoungua ni shehena, na mara nyingi moto huo hauwashwi na mtu. Makaa ya mawe hunyonya oksijeni ya hewani na kutoa joto kidogo kidogo. Fungu dogo hupoa lenyewe, lakini mamia ya tani yaliyofungiwa ngamani, yaani chumba cha shehena chini ya sitaha, hayana pa kulitoa joto lile, nalo hupanda hadi makaa yenyewe yashike moto. Wafanyabiashara wa mbata wa pwani yetu wanalijua jambo hili: mbata isiyokauka vizuri ikirundikwa ghalani, ukipenyeza mkono katikati ya rundo utakuta joto.

Kwa hiyo moto ulikwisha kukomaa ndani kabla ya mabaharia kuona moshi. Dalili waliipata miguuni, pale sitaha ilipopata joto na lami iliyoziba mianya ya mbao zake ikaanza kulainika. Kufungua mlango wa ngama ili kutazama kulikuwa kosa kubwa, maana hewa ndiyo chakula cha moto. Hata tume ya Uingereza iliyotoa ripoti mwaka 1876 kuhusu makaa kujiwasha melini ilionya dhidi ya kupitisha hewa katikati ya shehena, ingawa wengi waliamini kwamba hewa ingeipoza.

Na maji? Yakimwagwa kwa wingi huiongezea meli uzito, na yakikusanyika upande mmoja huilaza ubavu. Marobota ya pamba ni mabaya zaidi, kwa sababu moto hujificha ndani yake na nje yakilowa huvimba. Ndiyo maana manahodha wengi walipendelea kuziba kila tundu na kuingiza mvuke wa boila ngamani.

Chuma nacho kilisaidia. Novemba 1857, meli ya mvuke Sarah Sands iliyokuwa ikipeleka askari India ilishika moto upande wa nyuma katika bahari yetu hii ya Hindi. Askari na mabaharia walitupa baharini sehemu kubwa ya baruti, wakaumwagia maji ukuta wa chuma uliogawanya meli ili usipitishe moto, na siku kadhaa baadaye wakaingia Mauritius ndani ya meli ile ile.