Maswali ya Wasomaji: Polisi wa barabarani na polisi ya herufi

SWALI. Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninaandika kazi yangu ya kumaliza masomo, na juma lililopita mwongozaji wangu aliirudisha akiwa ameandika kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza: «Badilisha polisi.» Niliipeleka sekretariati, yaani duka la kuchapishia kazi za watu, kijana wa pale akapandisha ukubwa wa herufi kutoka 11 hadi 12, kurasa zikatoka 61 zikafika 71, nami nikalipa kuchapisha upya. Mwongozaji ameirudisha tena, anasema polisi ni ile ile. Dada yangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia kwamba huko wao husema «fonti» tu. Sasa nauliza: polisi ni nini hasa, na imekuwaje herufi zikapewa jina la askari? (Mwanafunzi wa Ibanda, Bukavu)

JIBU. Dada, nakupa pole kwa gharama, kisha nakuomba usimlaumu kijana wa sekretariati wala mwongozaji wako, kwa maana wote wawili walilitumia neno hilo kama linavyotumiwa kila siku katika mji wetu. Kilichowapoteza ni kwamba neno moja limebeba mizigo mingi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anazungumzia mzigo upi.

Nianze na askari, kwa sababu ndiye anayewasumbua wengi. Herufi hazikupewa jina lake. Kifaransa, ambacho ndicho kilichotuletea neno hili, kina maneno mawili yanayoandikwa sawasawa na kutamkwa sawasawa, lakini hayana ukoo mmoja. Polisi wa barabarani anatokana na neno la Kigiriki politeia, yaani utaratibu wa kuuendesha mji, nalo limezaliwa na polis, mji wenyewe. Polisi ya herufi inatokana na neno jingine la Kigiriki, apodeixis, lenye maana ya uthibitisho. Kilatini cha zama za kati kikalifanya apodixa, yaani hati ya kukiri kwamba kitu kimepokewa, Waitalia wakalifanya polizza, na Wafaransa wakaliandika police. Ndilo neno lile lile linaloandikwa juu ya hati ya bima ya gari. Ukiwatafuta ndugu wa polisi ya herufi, basi, watafute katika bima na stakabadhi, usiwatafute katika kituo cha askari.

Kiswahili sanifu kina njia nzuri ya kuyatenganisha maneno hayo mawili, na inasikitisha kwamba katika mazungumzo yetu ya Kivu tunaiacha bila kuitumia. Askari ni mtu, kwa hiyo husemwa polisi huyu, polisi wawili, polisi wako ni mdogo. Herufi si mtu, kwa hiyo husemwa polisi hii, polisi mbili, polisi yako ni ndogo. Mtu anayeshika upatanisho huo hawezi kueleweka vibaya hata akiyaweka maneno yote mawili katika sentensi moja. Sisi tuliozoea kusema «ile polisi» kwa kila kitu tumejinyang'anya wenyewe chombo ambacho lugha ilikuwa imetutengenezea.

Sasa nije kwenye maana ya kwanza ya polisi katika uchapaji, ambayo karibu imesahauliwa, nami naithamini kuliko nyingine zote. Kabla ya kompyuta, kila herufi ilikuwa kipande cha madini: risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, ikayeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Niliwahi kuwekewa kimoja katika kiganja, herufi a ndogo, kipande chembamba chenye kimo cha milimita 23 na nusu hivi, kizito kuliko nilivyotazamia, na juu ya kichwa chake a imechorwa kinyume ili ikigusa karatasi isomeke sawa. Ukurasa mmoja wa kitabu ulihitaji vipande kama hivyo kwa maelfu. Mchapaji hakuweza kumwandikia mtengenezaji «niletee herufi», kwa sababu ilibidi ijulikane a ngapi, b ngapi, koma ngapi, herufi zenye alama za juu ngapi, na hata vipande visivyo na herufi, vile vya kutenganishia maneno, vingapi. Kulikuwa na hati iliyoonyesha kwamba kwa kila vipande kadhaa, tuseme 100,000, idadi ya kila kimoja itakuwa hii na hii. Hati hiyo ya hesabu ndiyo iliyoitwa polisi. Hapo utaona kwamba jina lilikuwa linasema kweli tupu: ilikuwa karatasi ya kuthibitisha mzigo, kama zilivyo karatasi nyingine za ukoo wake.

Hesabu hiyo haikuwa sawa kwa lugha zote, na hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi. Katika Kifaransa herufi e ndiyo inayorudi mara nyingi kuliko zote, na k na w huonekana kwa nadra, hasa katika maneno yaliyotoka ng'ambo. Chukua sasa sentensi ambayo mtoto yeyote wa hapa anaweza kuisema juu ya mtaa wetu wa Kadutu na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu: «Wanawake wa Kadutu wanauza sambaza kila siku.» Ina herufi 38. Nimezihesabu moja moja, bila kutenganisha kubwa na ndogo: a ziko 12, w ziko 4, k ziko 4, na e iko moja tu, ile ya mwisho wa neno la kwanza. Mchapaji aliyenunua herufi kwa polisi ya Kifaransa kisha akataka kupanga ukurasa wa Kiswahili angeishiwa na k na w mapema sana, na a zingemfuata, huku chumba cha e katika sanduku lake kikibaki kimejaa na q na x zikilala bila kazi. Kila polisi ilikuwa kipimo cha lugha fulani, na aliyeandika lugha nyingine alilazimika kuagiza nyongeza au kusubiri kurasa za kwanza zichapwe ili azivunje na kuzitumia tena herufi zake.

Baadaye jina lilihama kutoka kwenye hati likaenda kwenye mzigo wenyewe, jambo ambalo halipaswi kutushangaza. Polisi ikawa seti nzima ya vipande vya umbo moja na ukubwa mmoja. Katika maana hii ya pili, herufi zilizosimama za ukubwa wa 12 ni polisi moja, zile zilizolala za ukubwa huo huo ni polisi nyingine, na za ukubwa wa 10 ni nyingine tena, kwa kuwa kila seti ilikaa katika sanduku lake.

Kompyuta ilipokuja, ukubwa uliacha kuwa mzigo wa kubeba, kwani umbo moja linaweza kukuzwa au kupunguzwa kwa kubofya tu, na hapo polisi ikapata maana ya tatu, ambayo ndiyo ya mwongozaji wako: jina la umbo la herufi, liwe Times New Roman, Arial, Garamond au Calibri. Maana ya nne ni ile ya kijana wa sekretariati. Katika maduka yetu watu husema «ongeza polisi» au «punguza polisi» wakikusudia ukubwa, kwa sababu dirisha la ukubwa limekaa kando ya dirisha la jina katika programu ya kuandikia. Sioni kosa kubwa katika matumizi hayo, ila naona hatari yake, nawe umeilipia. Na maana ya tano ni faili lenyewe linalowekwa ndani ya kompyuta, kama mtu anaposema «mashine hii haina hiyo polisi».

Na fonti ya dada yako? Waswahili wa pwani wameitoa katika Kiingereza, lakini Kiingereza chenyewe kililichukua katika Kifaransa, katika neno fonte, linalotokana na kitenzi cha kuyeyusha na kumimina madini. Neno moja, basi, linakumbuka kalibu na jingine linakumbuka karatasi ya hesabu, na yote mawili yametoka katika karakana zile zile. Wataalamu wa Kifaransa hujaribu kuyagawia kazi, police kwa familia nzima ya herufi na fonte kwa umbo moja ndani ya familia hiyo, lakini hawakubaliani wote, na watu wa kawaida hawaufuati mgawanyo huo. Katika maandishi ya Kiswahili yatakayosomwa Dar es Salaam, Nairobi na Bukavu pia, mimi ningeandika fonti. Katika sekretariati ya hapa ningesema polisi, kisha ningetaja jina na ukubwa palepale: «polisi Times New Roman, ukubwa 12». Ukitamka hivyo hakuna mtu atakayekukosea.

Naongeza jambo moja kuhusu huo ukubwa, kwa sababu huenda litakuokoa na safari ya tatu. Nambari 12 ni pointi 12, na pointi ya kompyuta ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo 12 ni milimita 4.23 hivi. Hicho si kimo cha herufi unayoiona. Ni kimo cha kichwa cha kile kipande cha risasi ambacho zamani kiliibeba herufi (si zile milimita 23 na nusu za kusimama kwake), pamoja na nafasi iliyoachwa juu na chini ya herufi, na kompyuta imeendelea kukihesabu kana kwamba bado kipo. Ndani ya kimo hicho kila mchoraji huamua herufi zake ziwe kubwa kiasi gani. Weka neno «mama» kwa Times New Roman 12 na chini yake uliweke kwa Arial 12, utaona kwamba la pili ni pana zaidi na a zake zimenyanyuka juu zaidi, ingawa nambari ni ile ile. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ambalo lilianza kuitumia mwaka 1932, na gazeti hutaka maneno mengi katika safu nyembamba. Ndiyo maana huokoa karatasi. Kama kazi yako iliandikwa kwa Calibri, ambayo programu ya Word iliiweka yenyewe kwa miaka mingi kuanzia toleo la 2007, basi hiyo ndiyo polisi ambayo mwongozaji wako amechoka kuiona. Mwulize jina la ile anayoitaka kabla ya kulipa tena.

SWALI. Mwalimu, mimi ni baba mwenye sekretariati ndogo huku Kadutu. Wateja huniletea kazi kwa fleshi, nikizifungua kurasa zimehama, na mmoja aliyeandika Lingala alikuta vijumba vitupu mahali pa baadhi ya herufi. Je, ni virusi?

JIBU. Papa, si virusi, ni polisi katika ile maana ya tano. Faili la kazi huwa limebeba maneno pamoja na jina la polisi tu, halibebi polisi yenyewe. Mashine yako isipokuwa na polisi yenye jina hilo huchukua nyingine iliyo karibu, na kwa kuwa upana wa herufi zake ni tofauti, mistari hukatika mahali pengine na kurasa huhama. Vijumba vitupu vinatokea pale ambapo polisi iliyopo haina herufi inayotakiwa; Lingala inayoandikwa kitaalamu hutumia ɛ na ɔ, na polisi nyingi zilizochorwa kwa ajili ya Kifaransa peke yake hazina herufi hizo. Tatizo hilo ni la tangu zama za risasi, chumba cha sanduku kisicho na kitu ndani yake. Mwombe mteja akuletee kazi ikiwa katika PDF yenye polisi ndani yake, na kwa kazi za Lingala weka katika mashine yako polisi ya bure kama DejaVu au Charis SIL, ambazo zina herufi hizo zote mbili, kisha uchapishe ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuanza kazi nzima.