Kazi ya mgahawani ukiwa na viza ya F-1 Marekani

Ndugu yangu, nimekuelewa: hela imekata, na rafiki anakuitia kazi ya usiku mgahawani, malipo mkononi. Tafadhali usiende. F-1, yaani viza ya mwanafunzi, inaruhusu kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kazi ya nje bila kibali inavunja masharti ya viza, hata kama ni ya siku moja.

Kesho ulizia maktaba, bwalo la chakula na mapokezi ya mabweni. Ukipata, chukua barua ya mwajiri na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ukaombe namba ya Social Security, yaani namba ya serikali ya kumtambulisha mfanyakazi.

Ukikwama kabisa, muone mshauri wa ofisi hiyo kabla hujaacha somo lolote: kupunguza masomo bila idhini yake nako kunaweza kukufukuzisha nchini.